Ndizi haina mbegu, parachichi lina kokwa: nani mjanja?

Swali la kitoto hili. Parachichi lina kokwa kubwa, kila mtu analiona. Ndizi je, mbegu yake iko wapi? Wengi wetu tumekula ndizi tangu tunaota meno na hatukuwahi kujiuliza. Mimi mmojawapo.

Hebu chukua ndizi mbivu uikate katikati. Utaona vidoti vyeusi vidogo sana. Hayo ndiyo masalia. Ndizi mwitu za Kusini Mashariki ya Asia, walikotoka mababu wa ndizi zetu, zimejaa mbegu nyeusi ngumu, nyama yake kiduchu. Watu wa kale waliona migomba michache inayozaa tunda bila mbegu, wakachimbua chipukizi, wakapanda. Chipukizi likazaa chipukizi. Leo migomba mingi inayolimwa duniani ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na tatu hazigawanyiki nusu kwa nusu, kwa hiyo mbegu haiumbiki. Tunda lenyewe hukua hata bila ua kuchavushwa.

Maana yake ni nini? Mgomba wa namna hii hauwezi kusambaa kwa ndege wala nyani. Unasafiri kwa mkono wa mtu tu. Kwa hiyo ukishuka kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, kila shamba la migomba unaloliona pale Kiwira ni kazi ya watu waliobeba chipukizi begani, kizazi hadi kizazi. Mskochi Joseph Thomson alipofika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879, alikuta migomba tayari imezunguka nyumba za Wanyakyusa, na akaisifia sana nchi ile. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza jinsi vijana wa Kinyakyusa walivyotoka kwa baba zao na kujenga vijiji vya rika lao. Kijiji kilikuwa kipya, lakini mgomba uliopandwa ulikuwa uleule wa nyumbani. Chipukizi si mtoto wa mgomba, ni mgomba wenyewe.

Hapo ndipo penye hatari. Viumbe vinavyofanana kabisa vinakufa kwa ugonjwa mmoja. Amerika ya Kati waliionja hiyo: ndizi aina ya Gros Michel, iliyotawala biashara ya dunia, ilibwagwa na mnyauko wa Panama, na kufikia miaka ya 1960 wafanyabiashara wakahamia Cavendish. Mwaka 2013 aina mpya ya mnyauko huo, inayoua Cavendish nayo, iliripotiwa Msumbiji, jirani zetu hapa. Mnyauko mwingine, wa bakteria, uliingia Kagera mwaka 2006 na kutia njaa kwenye nyumba zisizojua kula kitu kingine.

Utasema basi mjanja ni parachichi, lina kokwa. Subiri kidogo. Parachichi la Hass linalolimwa leo Rungwe, Mufindi na Njombe (Njombe ilikuwa ndani ya mkoa wa Iringa hadi 2012) halipandwi kwa kokwa yake. Ukipanda kokwa ya Hass utapata mti mwingine kabisa. Mkulima hununua mche uliobebeshwa kikonyo. Na vikonyo vyote vya Hass duniani asili yake ni mti mmoja wa California, wa posta mmoja aitwaye Rudolph Hass, aliyeusajili mwaka 1935. Mti mama ulishakufa, ukakatwa mwaka 2002, lakini uko Tukuyu unazaa! Kumbe lenye kokwa na lisilo na kokwa yote mawili ni nakala.

Tofauti ni kwamba parachichi la kienyeji, lile lililoota lenyewe nyuma ya jiko, kila mti una sura yake. Hiyo ni akiba. Na kwenye ndizi wataalamu wamelazimika kurudi kwenye akiba hiyo hiyo. Uganda walichavusha matoke machache ambayo bado hukubali kutunga mbegu kwa kutumia ndizi mwitu iitwayo Calcutta 4, tunda lenye mbegu ambalo hakuna mtu angelinunua sokoni. Chotara waliopatikana walijaribiwa pia Maruku, Bukoba, na Mitalula, mkoani Mbeya. Mwaka 2021 TARI ikatoa aina nne kwa wakulima, ikaziita TARIBAN.

Sisemi watu wasipande Hass. Inasomesha watoto. Ninachosema ni hiki: kabla hujang'oa parachichi la bibi, lile la maji maji na kokwa kubwa, kumbuka kwamba mti ule hauna nakala popote. Ukishaukata, hakuna kitalu cha kuununua tena.