Kodi ya Lurambi ama bei ya ploti?

Wasee, kabla ununue ploti Kakamega juu umesikia bei inapanda, rudini 1932. Dhahabu ilikuwa imepatikana huku, na sheria ya 1930 ilisema Waafrika wakinyang'anywa ardhi ya rizavu wapewe ardhi nyingine. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha: sasa pesa zinatosha. Kwa hivyo mzee akikataa kuuza shamba, mimi namwelewa.

Lakini shamba limelala tu haliwezi kukulipa kila mwezi. Masinde Muliro ilipokuwa chuo kikuu kamili 2007, Lurambi ikawa ya vyumba vya makomredi. Tuseme vyumba vimekugharimu milioni 3 na vinaleta 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni 240,000 kwa mwaka, asilimia 8. Toa miezi minne ya likizo: 160,000, haifiki asilimia 6, na bado hujalipa fundi wa choo. Machi 2020 korona ilifunga vyuo, hata hiyo ikakatika.

Mimi bado ningeenda na kodi, ila ya wafanyakazi wa kaunti. Tangu 2013 ofisi zao kubwa ziko hapa mjini, na mshahara hauendi likizo. Kuchelewa, huchelewa.