Hisa imeshuka kutoka Sh44 hadi Sh14. Je, sasa ni rahisi? Soma P/E kwanza

Ukifungua programu ya hisa kwenye simu, macho yanakimbilia bei. Lakini bei peke yake haikuambii kama hisa ni ghali au rahisi. Tafuta namba iliyoandikwa P/E, yaani uwiano wa bei na faida.

Hesabu yake ni nyepesi: bei ya hisa gawanya kwa faida ambayo kampuni ilipata kwa kila hisa katika mwaka. Ukipata 10, maana yake unalipa shilingi 10 kununua shilingi 1 ya faida ya mwaka.

Tuchukue Safaricom. Katika mwaka wa fedha ulioisha Machi 2021, ilipata faida ya Sh1.71 kwa kila hisa. Agosti mwaka huo, hisa moja ilikuwa inauzwa takriban Sh44 kwenye Soko la Hisa la Nairobi. P/E hapo ni kama 26.

Sasa ruka hadi mwisho wa 2023. Bei ni karibu Sh14. Faida ya mwaka ulioisha Machi 2023 ilikuwa Sh1.55 kwa hisa. P/E imekuwa 9.

Umeona? Faida ilipungua kwa senti 16 tu, ila bei ikapoteza theluthi mbili. Aliyenunua kwa Sh44 hakuangushwa sana na faida ya kampuni. Kilichoporomoka ni kiasi ambacho watu walikuwa tayari kulipia faida hiyo.

Sababu zilikuwa kadhaa. Riba ilipanda Marekani, wawekezaji wa kigeni wakauza, shilingi ikadhoofika. Ethiopia, ambako kampuni ilizindua huduma Oktoba 2022, ilikuwa bado inakula pesa. Halafu serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa inalipa zaidi ya 15% kwa hati za hazina za siku 91. Ukilipa Sh44 upate faida ya Sh1.71, hiyo haifiki hata 4%. Nani angekubali tena?

Ndiyo maana P/E ya leo inafaa kulinganishwa na ya kampuni hiyohiyo miaka iliyopita, si kusomwa ikiwa peke yake.

Ila kuna mtego. Bei hubadilika kila siku ya soko, faida ya mwaka hutangazwa mara moja. Kama faida iko njiani kushuka, P/E itaonekana ndogo na tamu kwa sababu inatumia faida ya zamani. Na kampuni iliyopata hasara haina P/E ya maana kabisa.

Hata ile Sh1.55 ina mambo yake: sehemu ya hasara ya Ethiopia ilibebwa na wabia wa Safaricom huko, kwa hiyo haikuhesabiwa humo. Ukichukua faida ya kundi zima, P/E ya mwisho wa 2023 inakaribia 11.