Dansi Iliyong'olewa Katika Kisa: Fosse, Robbins na Onyesho la Mkusanyo

Januari 1999, zaidi ya miaka 11 baada ya kifo cha mtunzi wa dansi Bob Fosse, onyesho lililopewa jina lake lilifunguliwa Broadway, New York. Halikuwa na kisa wala wahusika. Dansi alizotungia jukwaa, filamu na televisheni zilipangwa moja baada ya nyingine, na mwaka huohuo likatunukiwa Tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Tuzo hiyo inazua hoja: je, dansi iliyong'olewa katika kisa chake inabaki kuwa dansi ileile?

Tuanze na "Steam Heat" ya mwaka 1954. Katika The Pajama Game, wachezaji watatu waliovaa suti nyeusi na kofia za duara wanaburudisha mkutano wa chama cha wafanyakazi wa kiwanda cha pajama, wanaodai nyongeza ya senti saba na nusu kwa saa. Magoti yamegeukia ndani, mabega yamejikunja, kofia zinarushwa na kudakwa. Katika mkusanyo, kofia na magoti vimebaki. Chama, kiwanda na senti hazipo. "Big Spender," ya Sweet Charity (1966), imeumia zaidi. Wanawake wale walioegemea kizuizi ni vibarua wa ukumbi wa dansi, na nyonga iliyopinda ni ya mtu aliyechoka na anayemdharau mteja wake. Ondoa ukumbi ule, na kinachobaki ni mvuto mtupu. Hasara hiyo si ndogo.

Hata hivyo, si kila mtunzi hupoteza kwa namna moja. Jerome Robbins alikuwa hai mwaka 1989 alipoongoza mwenyewe mkusanyo wa kazi zake, Jerome Robbins' Broadway. Dansi nyingi hazikuwa zimeandikwa popote, ikabidi wachezaji wa zamani waitwe wazitafute upya miilini mwao. Tena onyesho lilihitaji msimulizi wa kuunganisha vipande. Nadhani sababu iko katika utunzi wenyewe. Vijana wa mitaani wa West Side Story hawasimami kama wanakijiji wa Fiddler on the Roof. Robbins aliacha kisa kimwamulie hatua. Fosse, kwa upande wake, alitia saini ileile kila alipopita, na saini husafiri bila maelezo. Ndiyo maana mkusanyo wake ulisimama bila msimulizi, na ndiyo maana pia ulikuwa katika hatari ya kugeuka orodha ya mikogo.

Kilichouokoa ni watu. Gwen Verdon, mke wa Fosse na mchezaji wake mkuu, alikuwa mshauri wa sanaa. Ann Reinking, aliyewahi kucheza chini yake, aliongoza pamoja na Richard Maltby Jr.; Chet Walker akazifufua hatua. Uzito wa bega, au sekunde ya kusita kabla kidole hakijasogea, haushikwi vizuri na maandishi, wala kamera haionyeshi msukumo unaanzia wapi. Hayo hufundishwa ana kwa ana. Aliyeona ngoma ya unyago ikichezwa jukwaani mbele ya wageni anaelewa: hatua zinaweza kuwa sahihi zote na shughuli yenyewe isiwepo, lakini kama kungwi ndiye aliyewafunza wachezaji, kuna kitu kimevuka.

Kwa hiyo onyesho la mkusanyo lisomwe kama toleo lililohaririwa, na wahariri wake watajwe. Mtafiti anayelitumia kuthibitisha walichokiona watazamaji wa 1954 anakosea. Anayelitumia kuonyesha jinsi Verdon, Reinking na Walker walivyomkumbuka Fosse, na walichoamua kukiacha, ana ushahidi wa kutosha mkononi. Idara zetu za sanaa za maonyesho zingefanya vyema kulifundisha hivyo.