Jina la Ubatizo

Wakati wa ukoloni, misheni nyingi nchini Kenya zilishikilia kwamba mtoto abatizwe kwa jina la Biblia au la Kizungu. Jina la babu lilihesabiwa kuwa la kishenzi. Oginga Odinga, ambaye mwenyewe alibatizwa Obadiah Adonijah, aliupinga mtindo huo. Katika kitabu chake Not Yet Uhuru cha mwaka 1967, asimulia jinsi alivyotaka wanawe wabatizwe kwa majina ya Kijaluo. Kanisa lilikataa, yeye naye hakulegeza kamba, mpaka wakabatizwa alivyotaka. Twakumbuka kwamba shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na Odinga alikuwa mwalimu. Mzazi aliyebishana na kasisi alijua fika anachokihatarisha.

Mmoja wa wana hao, Raila, aliyezaliwa mwaka 1945, alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2013. Naye mwanawe wa kwanza alimwita Fidel, kwa heshima ya Castro wa Kuba. Jina la kigeni tena! Wako watakaocheka. Sisi hatuoni kwamba alimsaliti baba yake, kwani safari hii hapakuwa na kasisi aliyemchagulia.