Nani Huichagulia Nyumba Programu?

Mtu akienda dukani kununua redio, huijaribu kwanza. Huzungusha vifungo, husikiliza sauti, akatoka na ile iliyompendeza. Kompyuta hainunuliwi hivyo. Mnunuzi huulizia bei, ukubwa wa diski na muda wa dhamana, lakini ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuziongoza programu nyingine zote, yaani mfumo wa uendeshaji, aghalabu huikuta imekwisha kuwekwa ndani. Programu ya kuandikia barua na ile ya kupigia hesabu nazo huzikuta, au huwekewa na fundi pasipo kuulizwa. Ukimwuliza kwa nini anatumia hizo na si nyingine, atakutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaingia kwa mlangoni. Kadiri ninavyosoma historia ya mashine hizi ndivyo ninavyoona kwamba wachaguzi ni wengi, ila mwenye nyumba ndiye huulizwa mwisho.

Tuanze na siku ambayo aliulizwa. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza kompyuta yake ndogo, ile ambayo nyingi za leo ni vitukuu vyake. Wengi hudhani ilikuja na mfumo mmoja tu. Sivyo. IBM ilitaja mitatu, mnunuzi achague mwenyewe: PC DOS uliotoka Microsoft, CP/M-86 wa kampuni ya Digital Research, na p-System uliobuniwa katika chuo kikuu huko San Diego. Kwa heshima na umri, CP/M ndio uliostahili kushinda. Gary Kildall alikuwa ameuandika katikati ya miaka ya 1970, nao ukatumika katika kompyuta ndogo za makampuni mengi; WordStar, programu ya kuandikia iliyotoka mwaka 1978, ilianzia humo. DOS ulikuwa mgeni. Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliuandika mwaka 1980 akifuata mwenendo wa huo huo CP/M, na Microsoft wakaununua moja kwa moja Julai 1981 kwa dola 50,000.

Lakini PC DOS uliuzwa dola 40, na CP/M-86 dola 240. Isitoshe, huo wa pili ulichelewa kufika madukani kwa miezi kadhaa, na wahenga walikwisha kusema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Kuna kisa kipendwacho sana kwamba Kildall alikuwa angani akirusha ndege yake siku wajumbe wa IBM walipobisha hodi kwake mwaka 1980. Kisa ni kitamu mno, ndiyo maana sikitegemei. Hizo bei mbili zatosha kueleza.

Tangu hapo uchaguzi ulianza kujichagua wenyewe. Microsoft walikuwa wamebakiza haki ya kuwauzia wengine mfumo ule ule, na Compaq na wenzao walipotengeneza mashine za mfano wa IBM, wakaununua. Waandishi wa programu wakaandika kwa ajili ya mashine zilizo nyingi. Lotus 1-2-3, programu ya mahesabu, ilipotoka Januari 1983, kuna watu walionunua kompyuta kwa ajili yake tu, kama ambavyo wengine kabla yao walinunua Apple II kwa ajili ya VisiCalc ya mwaka 1979. Hawakununua mfumo; walinunua daftari la hesabu, mfumo ukaja nyuma yake kama gunia linavyokuja na mchele. Kisha yakaja mapatano ambayo watengenezaji wa kompyuta walilipia DOS kwa kila mashine waliyouza, iwe na DOS ndani au haina. Mwenye duka aliyetaka kukuwekea DR-DOS, mfumo mzuri tu wa wale wale Digital Research, angelazimika kulipa mara mbili. Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuja kuyasimamisha mapatano hayo mwaka 1994. Kufikia hapo ndege alikuwa ameshazoea tundu.

Kwetu Tanzania mambo hayo yote yalikuwa yanapita mbali. Mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya zile za Hazina kuleta hasara na mvurugano wa hesabu, na marufuku hiyo ilidumu miaka mingi. Kwa hiyo mwaka ule IBM walipoweka mifumo mitatu mezani, swali la upi ufae nyumbani lisingeweza kumjia mwalimu wa Dodoma wala karani wa Tanga. Mashine zilipoanza kuenea maofisini, kesi ilikwisha amuliwa ng'ambo. Mimi nilijifunza mwaka 1992, katika ofisi iliyokuwa na kompyuta mbili kwa watu kumi na wanne. Programu ilikuwa WordPerfect 5.1: kioo cha buluu, herufi nyeupe, na kipande cha karatasi ngumu kilichowekwa juu ya vitufe kukukumbusha kipi kinafanya nini. Hakuna aliyetuambia kwamba zipo programu nyingine. Tulifundishwa vitufe.

Baadaye kompyuta zikaingia majumbani, nyingi zikiwa za mtumba, nazo zikaja na jambo ambalo vitabu vya historia ya kompyuta hulitaja kwa haraka, ilhali kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Nalo ni kunakili. Malalamiko yake ni ya zamani kuliko DOS yenyewe: Februari 1976 kijana Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi akiwashutumu kwa kujigawia programu yake ya BASIC bila kulipa. Huku kwetu kunakili kulikuwa ndiyo njia ya kawaida. Fundi alikuja na santuri yake mfukoni, baadaye flashi, akaweka Windows na programu zote za ofisi, akalipwa ufundi wake na soda. Bei ya programu yenyewe haikutajwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaijua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba programu huria zilipaswa kushinda Afrika kwa kuwa ni za bure. Bure kwa nani? Ni kweli kwamba Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU mwaka 1983 ili watu wawe na haki ya kutumia, kuchunguza, kurekebisha na kugawana programu. Ni kweli pia kwamba Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitangaza kiini cha Linux tarehe 25 Agosti 1991, na kwamba vitu hivyo viwili vilipounganishwa vilifanya mfumo kamili usiolipiwa leseni. Lakini katika mtaa ambao Windows nayo hailipiwi, dola 40 na dola 240 zimekuwa sifuri na sifuri. Bei, iliyoamua mwaka 1981, ilikuwa haina tena la kuamua. Kilichobaki ni jirani. Jirani anajua nini? Fundi wa kona anaweza kutengeneza kipi? Shemeji akituletea barua katika flashi, itafunguka? Mtu huchagua mfumo kama anavyochagua dini ya kuoana nayo: hutazama nyumba za pembeni kwanza.

Walijitokeza waliojaribu kubadili hilo kwa upole. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha Ubuntu, mfumo wa Linux uliokusudiwa mtu wa kawaida, akawa anatuma santuri zake kwa posta duniani kote bila malipo hadi mwaka 2011. Jina hilo Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Ni ndugu wa utu wetu. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa klnX kilitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi kwa Kiswahili: kuandika, kupiga hesabu, kuchora. Haukupita muda mrefu Microsoft nao wakatoa viraka vya Kiswahili kwa Windows na Office.

Mimi niliipokea Jambo OpenOffice kwa furaha ambayo wenzangu hawakuielewa. Watu waliokaa na kubishana kwamba spreadsheet iitwe lahajedwali walikuwa wanafanya kazi ile ile waliyoifanya waliotuletea maneno kama bunge na ikulu katika mambo ya serikali. Hata hivyo, sikuwahi kuikuta katika nyumba hata moja niliyotembelea. Sababu yake nilielezwa na mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne: yeye hasomi maneno ya kwenye kioo, anakumbuka mahali yalipo. Neno likiwa la Kiswahili, Kiingereza au Kichina, mkono wake unakwenda pale pale. Na mtu wa kumfundisha maneno mapya hakuwepo, kwa kuwa walimu wote walikuwa wamejifunza kwa yale ya zamani. Neno geni huwa jepesi pale tu ambapo kila mtu analikosea kwa namna moja.

Kuna uchaguzi mmoja, hata hivyo, ambao nyumba inaweza kuufanya yenyewe, nao haupigiwi kelele dukani. Ni wa namna ya kuhifadhi maandishi. Mwaka 1993 baba yangu alinisimulia historia ya ukoo wetu kwa siku tisa, nami nikaichapa katika ile WordPerfect, kurasa 64. Baba alifariki mwaka 1999. Faili lile limehamia katika diski tano tofauti, na kwa miaka kadhaa hakuna mashine niliyoifikia ambayo iliweza kulisoma. Lilifunguliwa na LibreOffice, programu iliyozaliwa mwaka 2010 kutokana na OpenOffice, kwa sababu watu wasionijua walijipa kazi ya kuchunguza jinsi WordPerfect ilivyopanga herufi zake, wakaandika programu ya kuzisoma, na wakaiacha wazi kwa kila mtu. Mipangilio ya aya ilikuwa imepinda hapa na pale. Majina ya mababu yalikuwa kamili. Tangu siku hiyo huyahifadhi maandishi yangu kwa namna ya OpenDocument, iliyokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2006. Maelezo ya namna hiyo yamechapishwa, na yeyote anaweza kuandika programu ya kuisoma hata kama ile ya kwanza imekufa.

Nayasema haya kwa sababu uchaguzi ulibisha hodi kwetu pia. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, ilifikia mwisho wa masahihisho yake ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani waliopenda waliwekewa nyongeza ya mwaka mmoja. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama na prosesa ambazo mashine nyingi za kabla ya mwaka 2017 hazina. Yetu ni ya mwaka 2013. Inawaka, inaandika, inachapa, kioo chake hakina doa. Humo ndani mke wangu anatunza hesabu za kikundi chao cha kuweka na kukopa, kina mama 31, hisa na mikopo ya miaka saba. Mashine nyingine ingegharimu fedha ambayo tumeitenga kwa ada.

Nilipomtajia Linux hakuniuliza juu ya uhuru wala viwango vya kimataifa. Aliniuliza, "Baba Neema, nikikwama saa nne usiku, na kesho ndiyo siku ya mgawo, nitamwita nani?"

Sijasoma kitabu kilicholiweka swali hili vizuri zaidi. Hatukulijibu kwa maneno. Kwanza tuliweka LibreOffice ndani ya mfumo ule ule wa zamani, akaendelea na kazi zake humo kwa miezi miwili, kila jumla akiilinganisha na daftari la mkono. Lahajedwali moja lililokuwa na vifungo vya kubonyeza lilikataa, akalitunga upya, na la pili likawa fupi kuliko la kwanza. Binti yetu aliyeko chuoni alijaribu kufungua kazi za wenzake; jedwali mbili zilivurugika, zilizobaki zilikaa sawa. Baada ya hapo ndipo tulipohamisha nakala za kila kitu katika diski ya pembeni, nikaweka Linux Mint. Mke wangu anasema inawaka haraka zaidi, lakini saa imewekwa mahali pabaya.

Fundi wetu wa mtaani alikuja wiki ya pili kutazama waya wa umeme. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu. "Mzee, hii ni ipi?" Nikamweleza. Akaketi, akafungua hiki na kile, akauliza mashine ya mtumba yenye kumbukumbu ndogo itaiweza, nikamwambia hii yenyewe si kubwa. Mwishowe akatoa flashi mfukoni, akaomba nimnakilie. Nikamnakilia, na mke wangu akaandika namba ya simu ya yule kijana nyuma ya daftari la kikundi.