Tramu ilikufa, jina likabaki

NIANZE kwa swali, ndugu msomaji: kitu kikitoweka, jina lake huenda wapi?

Mnamo 1895, Kyoto ulikuwa mji wa kwanza nchini Japani kuwa na tramu ya umeme ya kubeba abiria. Umeme wenyewe ulitokana na maji ya mfereji uliochimbwa kutoka Ziwa Biwa. Mwaka 1912 jiji nalo likaanzisha tramu zake. Baadaye magari yakajaa barabarani, yakaruhusiwa hata kupita juu ya reli. Tramu zikachelewa, abiria wakapungua, madeni yakapanda. Tarehe 30 Septemba 1978, kwisha!

Wapo waliokataa kusahau. Wanaziunda upya mezani, kwa kipimo cha 1 kwa 150. Tramu ya mita 12 inakuwa ya sentimita 8. Eti mchezo wa watoto? Hapana. Reli za kawaida za kipimo hicho zina upana wa milimita 9, na hizo zinakaribia kulingana na zile za jiji, zilizokuwa na milimita 1,435. Ila kampuni ya 1895 ilitumia reli zilizokaribiana zaidi, za milimita 1,067. Anayetaka kuiunda njia yake ya Kitano, iliyofungwa 1961, itambidi atengeneze reli za milimita 7 hivi. Rula haimruhusu mtu kukumbuka kwa jumlajumla.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Tramu za njia hiyo wenyeji waliziita N-den. "Den" ni ufupisho wa "densha", yaani treni ya umeme. "N" imetoka kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kumbe upana wa reli umehifadhiwa ndani ya herufi moja! Wajapani pia huita tramu "chin-chin densha", kwa kuiga mlio wa kengele, kama sisi tulivyopata "pikipiki" kutokana na mlio wa injini. Tramu ya mezani inatupa umbo. Jina linatupa sauti.

Lakini jina nalo huzeeka. Siku atakapokosekana wa kueleza ile "N", itabaki herufi tupu. Ndiyo maana huwahimiza wanafunzi wangu: mkikusanya maneno ya wazee, msiandike maana pekee. Ulizeni pia kwa nini kitu kiliitwa hivyo, maadamu mwenye jibu yungali hai.