Sonara wa Madurai

Filamu za Kitamil za kusingiziwa na kulipiza kisasi zina babu yao, nao ni Silappatikaram, utenzi wa kale unaohusishwa na Ilango Adigal. Kovalan amefilisika. Anaingia Madurai kuuza kikuku cha mguuni cha mkewe, Kannagi, na anayekutana naye ni sonara wa ikulu. Kumbe huyo sonara ndiye aliyeiba kikuku cha malkia, nacho kinafanana na hiki! Anakimbia kwa mfalme: mwizi kapatikana. Kovalan anauawa bila hata kuulizwa swali.

Kannagi anakuja ikulu na kikuku cha pili mkononi. Kikuku changu kina vito ndani, anasema. Cha malkia kina lulu, mfalme anajibu. Kinaletwa kile alichokamatwa nacho Kovalan, Kannagi anakipasua, na kito kinamrukia mfalme usoni. Mfalme anakufa palepale, kisha mji unateketea.

Mwaka 1964 M. Karunanidhi, ambaye 1969 alikuja kuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu, aliandika filamu ya Poompuhar kutokana na kisa hiki. Vijayakumari ndiye Kannagi.

Lakini mimi nakwama kwingine. Utenzi unasimulia kwamba baada ya moto, mtawala wa Korkai, wa ukoo uleule wa Pandya, aliwachinja masonara 1,000 kwa siku moja kama kafara kwa Kannagi. Inatajwa kwa haraka, kama habari njema. Aliyeiba ni mmoja. Hao wengine nani aliwasikiliza?